Maji Yapo, Oili Ipo

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Inspekta alitoka nje na kitambaa mkononi kwenda kuikagua pikapu. Hakuwa inspekta wa kitu chochote. Alikuwa msichana wa darasa la sita, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na jina hilo alibandikwa na baba yake kwa sababu hakuweza kupita karibu na gari bila kuinama kuchungulia uvunguni. Baba alipolitamka, lilikuwa jina la mapenzi. Sasa baba hayupo. Aliyebaki kulitumia ni baba mdogo, na kinywani mwake liligeuka likawa tusi.

Kitambaa kilikuwa kipande cha shati la kazi la marehemu. Mama alilikata mwenyewe, akakiweka kwenye droo ya gari.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Alifungua boneti, akaangalia maji ya rejeta wakati injini ingali baridi. Akatazama kama vichwa vya betri vimeota ukungu mweupe. Akabonyeza mkanda wa feni kwa kidole. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha mpaka mwisho, akakichomoa tena na kukisoma. Kwenye ncha ya kijiti palikuwa na alama ya chini na alama ya juu. Oili ikiwa kati ya alama hizo, gari linakwenda. Ikiwa chini ya ile ya chini, gari haliwashwi hata kama mteja analia. Mwisho alizunguka tairi zote, akarudi kusimama kando ya mlango wa dereva.

"Shikamoo, baba mdogo. Maji yapo, oili ipo."

Baba mdogo hakuitikia salamu. Alikuwa akipanda garini kama mtu anayepanda punda wa jirani.

Tangu mazishi, yeye ndiye aliyeiendesha pikapu ile, akibeba saruji, milango, makabati na magodoro ya watu. Hakuipenda hata kidogo. "Shemeji, liuze hili bati," alimwambia mama mara kwa mara. Mama hakutaka kusikia. Gari ndilo lililowalisha, na ndilo lililobaki la mume wake. Wakakubaliana shingo upande. Baba mdogo alisema, "Nitaliendesha mpaka lizime lenyewe. Siku injini ikifa, mimi basi, na mwenye vyuma chakavu aje achukue mzoga wake." Mwenye vyuma chakavu alikuwa ameshapita kulitazama. Aligongagonga ubavu wa gari kama anayechagua tikiti maji, akatabasamu, akaenda zake. Inspekta alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote.

Kisha stata ikaanza kuugua. Ukizungusha ufunguo, inalia tik, inanyamaza. Fundi wa gereji iliyokuwa chini ya barabara yao alimwambia baba mdogo ailete aifungue. Baba mdogo alijibu kwamba hana muda wa kulitibu gari la kufa. Akagundua njia yake. Jioni aliliegesha nje ya geti, kwenye mteremko, pua ikiangalia chini. Asubuhi aliachia breki ya mkono, gari likaserereka lenyewe, na lilipofika karibu na kibanda cha kinyozi alitia gia na kuachia klachi. Injini ilikohoa, ikaguruma, moshi ukaingia kwa kinyozi.

"Siku moja utaingia humu na hilo gari lako!" kinyozi alipiga kelele kila siku. "Nitakunyoa ukiwa umekaa kwenye usukani!"

"Kwa mashine yako ile isiyokata?" baba mdogo alimjibu bila kupunguza mwendo.

Asubuhi ya kwanza ya mteremko, Inspekta alisita na kijiti mkononi. Baba yake alikuwa amemfundisha kwamba gari lazima lisimame sawa kabla ya kupima. Likiinama, oili nayo inakimbilia upande mmoja, na kijiti kinadanganya. Kijiti cha pikapu ile kiliingia kwa mbele, na sasa mbele ndiko kulikokuwa chini.

"Baba mdogo, hapa hatuwezi kupima vizuri," alisema. "Tulisogeze kwanza pale juu palipo sawa."

"Tulisogeze?" Baba mdogo alitoa kichwa dirishani. "Nikilisogeza, nani atalisukuma liwake? Wewe na hiyo miguu ya korongo? Umejua lini magari, we mtoto? Kazi yako ni kusema ipo au haipo. Ipo?"

Inspekta alitazama kijiti. Kilikuwa kimeloa mpaka alama ya juu.

"Ipo."

"Basi toka njiani."

Alikwenda shule amenuna. Kesho yake hakurudia kusema. Shauri yake, alijiambia. Keshokutwa pia akanyamaza. Akazoea. Kila asubuhi alikwenda kwenye mteremko, akachovya kijiti, akaona kimeloa, akasema maji yapo, oili ipo. Neno la kwanza alikuwa na hakika nalo. La pili hakuwa na hakika nalo, na alijua kwamba hana hakika. Lakini kila alipotaka kufungua mdomo, alilikumbuka lile jibu la dirishani, akaufunga tena. Hata uvunguni aliacha kuchungulia, kwa kuwa gari lilisimama juu ya mtaro na chochote kilichodondoka kilikwenda na maji machafu.

Jumamosi moja alikuwa akianika nguo aliposikia kelele barabarani. Lori la mchanga lilikuwa likipita taratibu, limefunga kamba nyuma, na mwishoni mwa kamba ilikuja pikapu, kimya, ikiwa bado na milango ya mteja nyuma. Lori liliifikisha kwenye uwanja wa gereji, likafungua kamba, likaondoka. Baba mdogo alishuka. Jasho lilikuwa limemlowesha shati mgongoni.

"Yuko wapi huyo Inspekta wenu?" alifoka kuelekea juu ya mteremko. "Aje aone kazi yake!"

Mama alitoka ndani na mikono yenye povu. Waliteremka pamoja, mama mbele, Inspekta nyuma.

"Taa nyekundu iliwaka," baba mdogo alikuwa akimweleza fundi, lakini kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga nyundo ndani ya sufuria. Nikazima papo hapo. Nisingezima, sasa hivi tungekuwa tunaokota vipande njiani."

Fundi alikuwa mtu mzima asiyependa kelele. Alifungua boneti, akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Akakiinua juu wote wakione. Kilikuwa kikavu mpaka ncha.

"Hapa mlikuwa mnaendesha kwa dua," alisema. "Nani alipima asubuhi?"

Macho yote yaligeuka.

"Mimi," alisema Inspekta.

"Ukasemaje?"

"Nilisema oili ipo."

"Mmemsikia!" Baba mdogo alipiga kofi boneti. "Mmemsikia kwa masikio yenu! Hakupima huyu. Hakufungua hata boneti. Anatoka kitandani, ananiimbia maji yapo, oili ipo, kama kasuku, anarudi kulala. Mwongo mkubwa!"

"Nilipima! Kijiti kilikuwa kimeloa!"

"Kimeloa nini, machozi yako?"

Kinyozi alikuwa ameshafika, kitana mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja tu wa kichwa. Mteja alicheka. Inspekta alihisi uso unamwaka moto.

Mama alimshika bega, akamgeuza. Hakumshika kwa upole. "Niangalie. Ulipima, hukupima?"

"Nilipima, mama."

"Basi oili imekwenda wapi? Imepaa?" Sauti ya mama ilitetemeka. "Unajua nini kitatokea kama injini hii imekufa? Unajua nani atakuja kulichukua gari hili?"

Inspekta alijua. Alikuwa akimwona tayari, na tabasamu lake la kuchagulia tikiti maji.

"Shemeji, mimi nilishasema," baba mdogo alidakia. "Nimemaliza. Lipimwe kwa kilo, liondoke."

"Subirini," fundi alisema. "Nitie oili kwanza, niisikilize. Tukibahatika, chuma cha ndani hakijala chuma." Akainama kuchukua galoni.

Inspekta aliitazama galoni ile, na papo hapo akaelewa. Oili mpya ikishamiminwa, hakuna atakayejua kijiti kilisema nini asubuhi. Angebaki mwongo aliyeua gari la baba yake. Lakini njia ya kujitetea ilikuwa na mwiba ndani. Akieleza kuhusu mteremko, mtu atamuuliza alijuaje. Na akiulizwa alijuaje, atafuatia kuulizwa alijua tangu lini.

Fundi alikuwa akifungua kifuniko cha galoni.

"Usimimine, fundi!"

Fundi alisimamisha mkono. Baba mdogo akaguna. "Sasa anampa na fundi amri."

"Tulirudishe mteremkoni kwanza," Inspekta alisema. Sauti yake ndogo ilikuwa ikikatika. "Lisimame kama lilivyosimama asubuhi, pua chini. Halafu tupime tena. Mtaona kijiti kitaloa."

"Watu wazima wasukume gari kupanda kilima, na mizigo juu, ili mtoto ajitetee?" baba mdogo alisema. "Labda kwenye nchi nyingine."

Fundi alimtazama Inspekta, akautazama mteremko unaoanzia pale pale kwenye lango la gereji, akaweka galoni chini. "Teremsha hiyo milango," akamwambia baba mdogo.

"Mimi sishushi kitu."

"Nitashusha mimi," mama alisema, na tayari alikuwa amepanda nyuma.

Hapo baba mdogo akaona aibu, akaja kushika upande wa pili, akinung'unika. Milango iliposhushwa aliingia kwenye usukani. Wengine wakaenda mbele ya gari kulisukuma kinyumenyume. Fundi, mama, Inspekta, kinyozi, hata yule mteja mwenye nusu kichwa, na kitambaa cha kinyozi bado kimefungwa shingoni.

"Nimelipia kunyolewa, sijalipia mazoezi," mteja alihema.

"Sukuma, utakatwa mpaka ndevu bure," kinyozi akamjibu.

Gari lilipanda kidogokidogo mpaka pua ikainama. Mama akatia jiwe kwenye tairi. Walingoja, wote wakitweta, oili ipate kutulia. Fundi akapima. Alipoinua kijiti, ncha yake iling'aa. Oili ilikuwa imepita alama ya chini.

Waliliachia likarudi uwanjani, palipo sawa. Walingoja tena. Fundi akapima. Kikavu.

Fundi alimgeukia baba mdogo taratibu.

"Stata nilikwambia uilete lini?"

"Nilikuwa na kazi."

"Kazi ya kusereresha gari mlimani? Oili yote inakimbilia mbele, kijiti kinakuta bwawa. Nyuma pakavu. Na huku chini gasketi inavuja, tazama, na wewe umeegesha juu ya mtaro, tone hulioni. Hata ningepima mimi pale juu, ningesema ipo."

"Mimi nilisema!" kinyozi alirukia. "Kila asubuhi nakula moshi, nilisema huyu bwana ana wazimu!"

"Wewe nyamaza, ulisema habari ya moshi tu!" baba mdogo alimkatiza.

Sasa maneno yote yalimwangukia baba mdogo. Alisimama katikati, akifuta jasho kwa kiganja, akitafuta pa kutazama. Inspekta aliona na akafurahi. Furaha ile ilikuwa tamu kweli. Fundi alimpigapiga begani, akasema, "Huyu mtoto ana akili. Amefikiri hapa hapa, sisi tunapiga kelele."

Mama naye alikuwa amelegeza uso. Jambo lingeweza kuishia hapo. Baba mdogo alimtazama Inspekta mara moja, akainamisha macho. Alikumbuka asubuhi ile ya dirishani, na hakutaka kuitaja. Asingeitaja kamwe. Siri ya Inspekta ilikuwa salama.

Lakini sifa ile ilimkaa Inspekta begani kama mzigo wa mtu mwingine.

"Sikufikiri hapa," alisema.

"Nini?" mama akauliza.

"Baba alinifundisha zamani. Nilijua tangu siku ya kwanza gari lilipolala mteremkoni. Nilimwambia baba mdogo mara moja, akanifokea. Basi nikanyamaza. Kila siku nikawa nasema oili ipo, na sikuwa najua kama ipo."

Mama alikunja uso tena. "Ulijua. Na ukanyamaza. Kwa nini?"

"Nilikuwa nimemkasirikia. Nilisema shauri yake."

"Shauri yake!" Mama alicheka, lakini si kicheko cha kufurahi. "Injini ni ya nani? Unga uliomo ndani unanunuliwa na gari la nani? Huyu amekufokea, wewe ukaona umkomoe kwa gari la baba yako?" Kisha akamgeukia baba mdogo kwa ukali ule ule. "Na wewe, shemeji. Mtu mzima ameambiwa na mtoto jambo la kweli, akalitupa kwa kuwa limetoka kwa mtoto. Umefokea kijiti cha oili, sasa umeona faida yake. Nyote wawili mlijua kuna kitu hakiko sawa. Mmoja kwa kiburi, mmoja kwa kisirani. Mimi ningekaa ndani nafua, nikisubiri mwenye vyuma chakavu. Mtalala chini ya gari hilo nyote wawili mpaka liwake. Sitaki kusikia nani alianza."

Mteja wa kinyozi alikumbuka kichwa chake, wakaondoka.

Fundi alifungua injini kwa chini. Chuma kilikuwa kimeanza kuchubuka lakini hakijaharibika. "Kilichokuokoa ni kuzima injini taa ile ilipowaka," alimwambia baba mdogo. "Ungesema nifike kwanza, tungekuwa tunazungumza habari nyingine." Ilikuwa sifa pekee aliyopata siku ile, akaipokea kwa kuguna. Fundi akabadilisha beringi, akatia gasketi mpya, akafungua stata na kuisafisha, akabadilisha kilichokwisha ndani yake. Siku zote za kazi hiyo, Inspekta akitoka shule, walilala kwenye maturubai uvunguni, yeye na baba mdogo, bila kusemezana. Akihitaji spana, baba mdogo alinyoosha mkono tu. Inspekta alimwekea kiganjani kwa kishindo kikubwa kidogo kuliko ilivyopaswa. Siku moja alimpa isiyo yenyewe, baba mdogo akamrudishia kwa kuisukuma sakafuni kwa mguu. Hapakuwa na amani, lakini kazi ilikwenda.

Injini ikawaka kwa ufunguo, sauti yake nzito na laini. Mama aliisikia akiwa jikoni. Alizima moto, akatoka, akasimama mlangoni mpaka ilipozimwa.

Tangu hapo pikapu ililala ndani ya geti, palipo sawa. Asubuhi moja, Inspekta alikuwa amemaliza boneti na sasa anazunguka tairi. Baba mdogo alikuwa tayari kwenye usukani, simu sikioni, akimwambia mteja kwamba yuko njiani. Inspekta aliinama nyuma ya gari. Tairi la kulia, upande wa nje, lilikuwa zima. Aliingiza kichwa zaidi, akapapasa upande wa ndani. Mpira ulikuwa umeisha mpaka nyuzi za waya zinachoma kidole.

Alinyanyuka. Alijua atakachojibiwa.

"Baba mdogo. Tairi la nyuma limeisha."

"Nililitazama jana. Ni zima."

"Upande wa ndani. Waya zimetoka."

"Kila siku wewe!" Baba mdogo alitupa simu kwenye kiti. "Mteja ananisubiri, jua linapanda, na wewe umeniletea waya! Unataka nifanye nini, nibebe gari kichwani? Toka njiani!"

Shauri yake, Inspekta alianza kujiambia. Miguu ilitaka kwenda, akaizuia.

"Waya zimetoka," alirudia. "Likipasuka na mzigo, utapinduka."

Baba mdogo alimkazia macho. Kisha akafungua mlango kwa nguvu, akashuka, akalala chini bila hata kutandika kitu. Mkono wake ulionekana ukipapasa. Alikaa huko kitambo.

"Leta jeki," sauti ilitoka uvunguni.

Walifunga tairi la akiba pamoja. Yeye alizungusha spana, Inspekta akampa nati mojamoja. Alipomaliza alijifuta mikono kwenye suruali, akalisimamisha lile tairi bovu, akazitazama zile waya zilizochomoza.

"Sikiliza," alisema bila kumtazama. "Mimi mdomo wangu ni mbaya. Marehemu alikuwa akiniambia hivyo. Nitafoka na kesho, nitafoka na keshokutwa. Ukiona kitu, sema. Nikifoka, sema tena, mpaka nishuke. Ukinyamaza ili unikomoe, tunakomoka wote, na wa kwanza ni mama yako. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya, lisogeze hili ukutani. Na unawe, utachelewa shule."

Akapanda, akazungusha ufunguo. Inspekta alilikokota tairi mpaka ukutani, akalilaza, upande ulioisha ukiwa juu ili kila apitaye auone.